Mvinyo wa medali: Mkulima wa zabibu anapata nini?

KATIKA maduka mengi ya vinywaji ya Dar es Salaam na Dodoma, baadhi ya chupa za mvinyo kutoka Afrika Kusini huwa na stika ndogo ya duara, ya rangi ya dhahabu au ya fedha, iliyobandikwa karibu na shingo ya chupa. Mnunuzi akiiona huamini kuwa kilichomo ndani ni bora. Mwenye duka naye hupandisha bei kidogo. Ni wachache wanaouliza stika hiyo imetolewa na nani, kwa kigezo gani, na kama yule aliyelima zabibu ameambulia chochote.

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya, mwezi uliopita, ninunue chupa tatu zenye stika ya mashindano ya Veritas na kusafiri nazo hadi Dodoma. Veritas ni mashindano ya kitaifa ya mvinyo ya Afrika Kusini yaliyoanza mwaka 1990. Washindi hupewa medali ya shaba, fedha, dhahabu, na kwa wale wa juu kabisa, dhahabu mbili. Chupa zangu zilikuwa moja ya dhahabu mbili, moja ya dhahabu na moja ya fedha. Nikaongeza chupa ya nne isiyo na stika yoyote, mvinyo mwekundu usio na sukari uliotengenezwa Dodoma kwa zabibu aina ya Makutupora.

Wasomaji wasiotumia kilevi wanivumilie. Zabibu ni zao la biashara kama alizeti au korosho, na kwa mkulima wa Dodoma mnywaji wa mvinyo ndiye mteja wake wa mwisho, tupende tusipende.

Tulikaa sita mezani: mzee mmoja mkulima wa Mpunguzi, mama mkulima wa Hombolo, mfanyabiashara wa vinywaji wa mjini, kijana fundi wa kiwanda kidogo cha mvinyo, bwana shamba mmoja rafiki yangu, na mimi. Chupa zote nilizivisha mifuko ya kaki na kuzipa namba, kwa sababu ndivyo majaji wanavyofanya. Anayeonja hatakiwi kuona chapa wala bei. Jambo moja niliwaficha wenzangu, nalo nitalieleza baadaye.

Kwa alama tulifuata mgawanyo wa Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo, OIV, ambao hutumiwa na mashindano mengi duniani. Jumla ni alama 100. Macho yana alama 15, yaani rangi na ung'avu. Pua ina 30. Mdomo una 44, na alama 11 zilizobaki ni za mvinyo kwa ujumla wake, kwamba je, vitu vyote vimelingana au kimoja kimewafunika wenzake. Ndugu msomaji ataona kuwa pua na mdomo peke yake vinabeba alama 74.

Namna ya kuonja si ngumu. Unamimina kidogo, unaiinamisha glasi mbele ya kitu cheupe ili uone rangi, unaizungusha, unanusa, kisha unachukua funda dogo na kulitembeza mdomoni. Halafu unatema. Hapo kwenye kutema ndipo tulipogombana. "Mwanangu," mzee wa Mpunguzi aliniambia, "kitu kimenunuliwa kwa hela yote hiyo, halafu nikiteme kwenye ndoo?" Akameza. Yaelekea hilo lilichangia alama zake za mwisho kuwa nzuri kuliko za mwanzo.

Ndani ya glasi

Namba moja ilikuwa mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, ile ya dhahabu. Chenin ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, na Dodoma pia ipo. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, harufu ya mapera yaliyoiva, na mwishoni ukaja uchachu safi usiochoma. Mama wa Hombolo alinusa mara tatu. Shambani kwake ana mistari michache ya Chenin, na alisema hajawahi kunusa kitu cha namna hiyo kikitoka kwenye zabibu za aina yake.

Namba mbili ilikuwa Pinotage ya dhahabu mbili. Huu ulikuwa mweusi kama maji ya zambarau, na ulimi uliubana hivyo hivyo kama zambarau. Harufu yake ilikuwa na moshi na kahawa kwa mbali, ambavyo fundi alitueleza kuwa hutokana na pipa la mwaloni na si zabibu yenyewe. Namba nne, Cabernet Sauvignon ya fedha, ilitushinda. Ukakasi wake ulikuwa mkali kama wa bibo, na hakuna mezani aliyeomba kuongezewa.

Kabla ya hiyo ilitangulia namba tatu. Mama alipoigusa tu mdomoni akasema, "Hii ni yetu." Tulimuuliza amejuaje. Akasema ina uchachu wa ubuyu anaoujua tangu amekuwa mkulima. Kwa ladha tulikubaliana kuwa ni mvinyo mzuri, mwepesi, unaofaa kunywewa na nyama choma. Kwa wastani wa alama zetu ulishika nafasi ya tatu kati ya mvinyo minne, ukiipita ile Cabernet yenye stika ya fedha. Lakini kwenye pua ulipoteza alama nyingi. Kulikuwa na harufu hafifu ya yai viza, na kadiri glasi ilivyokaa harufu hiyo ilipungua bila kwisha.

Fundi hakulaumu kiwanda kilichoutengeneza. Aliwageukia wakulima wawili na kuuliza, "Salfa mnapiga mwisho lini?"

Mama alijibu kuwa wanapiga mpaka karibu na kuvuna, kwa sababu ubwiri unga hausubiri mtu. Hapo ndipo fundi alipotueleza kitu ambacho, kwa maoni yangu, kilikuwa na thamani kuliko chupa zote nne. Salfa inayobaki kwenye ngozi ya zabibu huingia kiwandani pamoja na juisi. Hamira inapofanya kazi ya kugeuza sukari kuwa kileo, huigeuza na salfa hiyo kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Kiwanda kinaweza kuipunguza, lakini mara nyingi hupunguza na harufu nzuri pamoja nayo. Dawa yake ni kuacha kupiga salfa takribani wiki tano kabla ya kuvuna, na katika kipindi hicho kuyapunguza majani yanayofunika vishada ili hewa na jua vipite, maana ubwiri unga hupenda kivuli kisicho na hewa. Anayeona ugonjwa umezidi amuone bwana shamba kwa dawa nyingine inayofaa kipindi hicho.

"Miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia," mama alisema. "Mnunuzi anakuja, anapima kilo, anaondoka."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Mvinyo wa mama huyu unapoteza alama kwa kosa linaloweza kurekebishwa bila gharama, lakini taarifa ya kosa hilo haijawahi kurudi shambani. Inaishia kwenye glasi ya mnywaji, ambaye hukunja uso na kununua chupa ya Afrika Kusini.

Mashindano yaliyoinua zabibu moja

Wenzetu wa Afrika Kusini nao walianza na matatizo tunayoyajua. Mwanzoni mwa karne iliyopita zabibu zilizidi soko, bei ikaanguka, na wakulima wakaunda ushirika uitwao KWV mwaka 1918 ili kuidhibiti. Kuanzia mwaka 1924 ushirika huo ulipewa na sheria mamlaka ya kupanga bei ya chini kwa sehemu kubwa ya zao hilo. Bei ya chini iliwaokoa wengi, ila iliwalipa kwa wingi. Aliyevuna zabibu nyingi zenye maji alipata zaidi ya aliyevuna chache zenye utamu.

Wakati huo huo, mwaka 1925, profesa Abraham Izak Perold alichavusha zabibu aina ya Pinot Noir kwa Cinsaut, ambayo huko waliiita Hermitage. Alipata mbegu nne tu. Alizipanda kwenye bustani ya nyumba yake ya chuo mjini Stellenbosch, kisha akahamia KWV na kuiacha bustani imeota magugu. Inasimuliwa kuwa miche hiyo ilinusurika kung'olewa kwa sababu mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alipita hapo siku ambayo wafanyakazi walikuwa wanasafisha. Hiyo ndiyo Pinotage. Kwa zaidi ya miaka 30 ikabaki zao la majaribio na la mashamba machache.

Kilichobadilisha hali ni mashindano. Mwaka 1959, katika maonyesho ya mvinyo mchanga ya Cape, Pinotage ya shamba la Bellevue ilitwaa Kombe la Jenerali Smuts, linalotolewa kwa bingwa wa maonyesho. Mwaka 1961 mvinyo wa msimu huo ukaingia sokoni kwa jina la Lanzerac, na kwa mara ya kwanza neno Pinotage likaonekana kwenye lebo. Katika miaka ya 1960 wakulima wengi wakapanda zabibu hiyo. Miaka ya 1970 wataalamu wa Uingereza waliiponda vibaya na wengine wakaanza kuing'oa. Ilipofika mwaka 1991, Beyers Truter wa shamba la Kanonkop akateuliwa kuwa mtengenezaji bora wa mwaka katika mashindano ya kimataifa ya London, akiwa na Pinotage, na bei ya zabibu hiyo ikaanza kuchangamka tena.

Naomba msomaji aangalie neno "mchanga". Maonyesho hayo huonja mvinyo wa msimu ule ule, ungali kwenye matangi, kabla haujafungwa kwenye chupa wala kupewa jina la biashara. Kwa hiyo kinachopimwa kiko karibu sana na shamba. Mkulima na fundi wanapata jibu ndani ya msimu, kwamba zabibu za aina fulani zimetoa mvinyo mzuri au zimeharibika. Veritas yenyewe, inayosimamiwa na chama kile kile cha kitaifa kinachosimamia maonyesho ya mvinyo mchanga, hupima mvinyo uliokwisha fungwa, na inamsaidia zaidi muuzaji. Sisi tukiiga, nadhani tuanze na ule mchanga.

Stika isikupumbaze

Sasa nieleze nilichowaficha wenzangu. Namba mbili na namba tano zilikuwa chupa moja. Ni ile ile Pinotage ya dhahabu mbili, niliyoimimina mara ya pili mwishoni kana kwamba ni mvinyo mwingine.

Mzee wa Mpunguzi aliipa alama 71 mara ya kwanza na 86 mara ya pili. Mfanyabiashara aliipa 88, kisha 80. Mimi mwenyewe niliyejua siri niliipa 85, kisha 77, na sina maelezo isipokuwa kwamba ulimi wangu ulikuwa umechoka na ile Cabernet. Fundi peke yake ndiye aliyekaribia: 84 na 83.

Wenzangu walicheka, lakini hata majaji wa kazi hiyo hawako mbali nasi. Robert Hodgson, profesa mstaafu wa Marekani mwenye kiwanda chake kidogo cha mvinyo, aliwashawishi waandaaji wa mashindano ya jimbo la California wawape majaji mvinyo ule ule mara tatu kutoka chupa moja bila wao kujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Ni takribani asilimia 10 tu ya majaji waliorudia alama zao ndani ya kundi moja la medali. Asilimia 10 nyingine kuna wakati waliupa mvinyo ule ule shaba mara moja na dhahabu mara nyingine. Mwaka 2009 alifuatilia mvinyo 2,440 ulioingizwa katika mashindano zaidi ya matatu. Asilimia 47 yake ulipata dhahabu mahali fulani, na katika hao wa dhahabu, asilimia 84 haukupata tuzo yoyote katika mashindano mengine.

Hii haina maana kwamba medali ni bure. Mvinyo wenye kasoro ya wazi, kama wa siki au yai viza, majaji huukataa karibu wote. Ugumu uko juu, pale wanapotaka kutenganisha mzuri na mzuri zaidi. Ndiyo sababu pia kanuni za OIV zinataka medali zisizidi asilimia 30 ya mvinyo wote ulioshindanishwa. Mashindano yanayogawa medali kwa kila aliyelipa ada ya kushiriki ni biashara ya stika.

Kwa mfanyabiashara mdogo, ushauri wangu ni mfupi. Soma mwaka ulioandikwa kwenye stika na ule ulio kwenye lebo. Medali ni ya mvinyo wa msimu mmoja, haihami kwenda msimu unaofuata hata kama jina na picha ni vile vile. Mvinyo mweupe mwepesi uliokaa miaka mingi rafuni usiulipie bei ya medali, kwa maana nyingi ya aina hiyo hutengenezwa inywewe mapema. Na ukishaununua usiupange dirishani kwenye jua la saa nane. Nimeona mvinyo wa dhahabu ukigeuka kuwa kama siki ndani ya duka lenye bati lisilo na dari.

Hesabu ya kilo moja

Turudi kwa mkulima. Chupa ya mililita 750 hutumia kilo moja ya zabibu, au zaidi kidogo. Tukilishika hilo, hesabu inakuwa rahisi. Tuseme, kwa mfano tu, stika inaongeza shilingi 3,000 kwenye bei ya chupa. Kama zabibu zote hununuliwa kwa bei moja ya kilo, basi fedha hizo zote hubaki kwa kiwanda, msambazaji na mwenye duka. Mkulima aliyeacha salfa mapema na yule aliyepiga mpaka jana wanalipwa sawa.

Sasa tuseme kiwanda kinakubali kumlipa mkulima bora nyongeza ya shilingi 200 kwa kilo, juu ya bei ya shilingi 1,500. Inasikika vizuri. Lakini zabibu bora mara nyingi huhitaji kupunguza vishada, ili mzabibu ulishe vichache kwa nguvu. Mkulima aliyekuwa anavuna tani nne akibaki na tani tatu, mapato yake yanashuka kutoka shilingi milioni 6 hadi milioni 5.1. Amepata sifa na kupoteza laki tisa. Ili arudi pale alipokuwa, kilo inabidi ilipwe shilingi 2,000, yaani nyongeza ya 500 na si 200. Mzee wa Mpunguzi aliifuata hesabu hiyo kwa kidole juu ya daftari langu, akasema kwamba ndiyo maana hata yeye hapunguzi kishada. Sikuwa na la kumpinga.

Hivyo kuna kazi za aina mbili, na ni makosa kuzichanganya. Za kwanza hazipunguzi mavuno: kuacha salfa kwa wakati, kuvuna alfajiri kabla joto halijapanda, kubeba zabibu kwenye kreti badala ya viroba vinavyozipondaponda zikaanza kuchachuka njiani, na kupima sukari kabla ya kukata. Kifaa cha kupima sukari ni kidogo kinachoenea mfukoni, na kikundi kinaweza kununua kimoja. Kikisoma 22, mvinyo utakuwa na kileo cha karibu asilimia 12. Hizi mkulima anaweza kuzianza msimu ujao. Za pili, kama kupunguza vishada au kubadilisha aina ya zabibu, asiziguse mpaka aone bei ya daraja imeandikwa kwenye mkataba.

Dodoma ina nafasi yake. Huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huiva wakati wa kiangazi, pasipo mvua ya kuleta ukungu na kuizimua sukari. Kituo cha utafiti cha Makutupora kipo hapo hapo. Sheria ya ushuru wa bidhaa nayo inatoza kiwango cha chini mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani, kwa hiyo kiwanda kina sababu ya kuitaka zabibu ya nyumbani. Hata hivyo, kumekuwa na misimu ambayo zabibu zilikosa mnunuzi zikaozea shambani, na mkulima aliyepitia hayo huvuna mapema ili awahi gari. Zabibu iliyokatwa kabla ya wakati haiwezi kushinda popote.

Tulipomaliza, fundi alijitolea kuchachusha madebe mawili ya juisi kwa kila mkulima katika mavuno yajayo ya kiangazi, kila moja kwenye chombo chake, ili waonje zabibu zao zikiwa peke yake. Mama wa Hombolo ataacha salfa kwenye nusu ya shamba na kuendelea kama zamani kwenye nusu nyingine. Tumekubaliana kukutana tena Novemba, na mifuko ya kaki ameibeba mfanyabiashara. Mzee wa Mpunguzi aliomba abaki na ile chupa ya dhahabu mbili, iliyokuwa bado na glasi moja ndani yake.